Jani Lenye Magoti

Safu ya MDUDU GANI HUYU? Wasomaji wanauliza, mwalimu mstaafu wa baiolojia anajibu.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Marangu, lakini huu ni mwaka wa sita naishi Canberra, Australia. Nyuma ya mtaa wetu kuna msitu wa mikaratusi. Si mikaratusi ya kupandwa kwa mistari kama ya kwetu, ni pori lao la asili, miti imejiotea inavyotaka, na mingine gome lake lina michoro utadhani mtoto kapewa kalamu. Jumamosi moja ya mwezi wa pili, ambao huku ni kiangazi, nilikuwa napita njia ya miguu na mwanangu wa miaka minane. Majani makavu yamejaa chini, ukikanyaga yanalia kama kaukau. Mara mtoto akasema, "Mama, jani limeruka." Nikamwambia majani hayaruki, yanapeperushwa. Akanijibu, "Hili lina magoti."

Tulichuchumaa kama dakika kumi tukitafuta mahali lilipotua. Kumbe muda wote nilikuwa nalitazama. Ni mdudu, kahawia iliyopauka, ana vidoa vyeusi kama jani lililoanza kuoza, urefu kama kidole changu cha mwisho. Nyuma ya kichwa amebeba kigongo kilichoinuka kama ukingo wa jani lililokauka likajikunja. Nimekutumia picha nne.

Nyumbani hatuelewani. Jirani anasema ni mdudu jani, yule wa kwenye vipindi vya wanyama. Shangazi kwenye kundi la familia kasema ni kivunjajungu, tena tusimguse. Mume wangu, ambaye ni Mhaya, anasema ni senene wa Kizungu na mjadala umefungwa. Nani kapatia? Na je, ana sumu? Maana mtoto alimshika mguu.

Mama Marangu, Canberra

JIBU

Marahaba, mama. Msalimie sana huyo mtoto, kanifanyia nusu ya kazi. Watu wazima watatu wametazama jani, yeye katazama magoti.

Tuanze na hayo magoti. Panzi akitulia, miguu yake ya nyuma huwa imekunjwa na magoti yamesimama juu ya mgongo, kama mzee aliyekaa kwenye kigoda kifupi. Paja ni nene, limejaa misuli. Muundi ni mwembamba, una miiba midogo nyuma kwa safu mbili. Hicho ni chombo cha kurukia. Kivunjajungu hana kitu hicho. Nguvu zake ziko mbele, kwenye ile mikono iliyokunjwa kama ya mtu anayesali, na miguu yake ya nyuma ni myembamba, ya kutembelea zaidi. Kwa hiyo shangazi tunamtoa, pamoja na katazo lake. (Najua linakotoka. Wazee walisema ukimgusa kivunjajungu, chombo cha kwanza utakachoshika jikoni kitavunjika. Mimi nimewagusa mamia, na vyombo vilivyovunjika nyumbani kwangu vilivunjwa na wajukuu.)

Jirani naye tunamtoa kwa sababu ileile. Mdudu jani wa kweli, wa jenasi ya Phyllium, ni ndugu wa wale wadudu wanaofanana na vijiti. Australia wanaye pia mmoja mkubwa mwenye miiba, Extatosoma tiaratum, ambaye hula majani ya mkaratusi, kwa hiyo jirani hakubuni tu. Ila wengi wa ukoo huo hawaruki kwa miguu. Wanatembea polepole huku wanayumba, kama jani linalotikiswa na upepo. Wako aliruka, tena akatua mbali kiasi cha kuwachuchumaza dakika kumi.

Anabaki mume wako, na hapa nakaa kidogo, maana jambo hili limewahi kuniaibisha.

Mimi nimezaliwa Kamachumu. Vidole vyangu viliwajua senene kabla macho hayajawajua. Mvua za Novemba zikishakolea tulitumwa alfajiri kwenye nyasi zenye umande, wakati senene bado wameganda kwa baridi na hawajapata nguvu ya kuruka. Siku hizi watu wanawasha taa kali usiku kucha, wanasimamisha mabati, senene wanajigonga na kuteleza ndani ya mapipa. Zamani ilikuwa mikono na kikapu. Kazi yetu watoto ilikuwa kunyonyoa. Unatoa mabawa, unatoa miguu, unatoa na zile nyuzi mbili za kichwani. Nyuzi ndizo zilikuwa kero. Nyembamba kama unywele, ndefu hata kumpita mdudu mwenyewe, na vidole vina mafuta ya senene, kwa hiyo zinanata. Ukizifuta kwenye kaptula zinahamia kaptula.

Pamoja na kuzinyonyoa utoto wangu wote, mwaka 1987, ndiyo kwanza naanza kufundisha, niliandika ubaoni: "Jamii ya panzi, mfano nzige na senene." Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona nyuzi za senene ni ndefu na za nzige ni fupi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Jioni nikakaa na lensi yangu ya mkono, senene mmoja na panzi mmoja wa bustanini, na nilipomaliza sikuwa na hamu ya chakula. Yule binti alikuwa ameweka kidole palepale ukoo huu unapogawanyika mara mbili. Kesho yake nilifuta mfano wangu mbele ya darasa lote.

Mgawanyiko wenyewe ni huu. Upande mmoja wako wenye vipapasio vifupi, navyo vinene kidogo: panzi wote wa kawaida na nzige. Upande wa pili wako wenye vipapasio virefu kama uzi: senene, nyenje wanaolia usiku na chenene wanaochimba ardhini (chenene yeye vyake vimefupika, maana ndani ya shimo uzi mrefu ungemsumbua). Na tofauti haziishii kichwani. Panzi ana sikio kiunoni, kitundu chenye ngozi nyembamba pembeni mwa tumbo, juu kidogo ya pale mguu wa nyuma unapoanzia. Senene masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini ya goti. Panzi wengi wanaolia hulia kwa kusugua paja kwenye bawa. Senene husugua bawa kwa bawa. Jike la senene lina upanga nyuma, wa kuchomekea mayai. Jike la panzi lina vijino vinne vifupi vya kuchimbia udongo, anazamisha tumbo ardhini na kutaga mayai kwa fungu, yamezungukwa na povu linalokauka. Hata nyayo hazifanani: panzi ana pingili tatu, senene nne.

Sasa picha zako. Ya kwanza ni ya kidole gumba chako, kizuri lakini siyo swali. Ya nne ni kiatu cha mtoto. Ya pili imemkata mdudu kichwa, na nakiri kwa picha ile peke yake ningeweza kumpa mume wako ushindi, maana bawa lililolazwa ubavuni linafanana sana na la senene. Picha ya tatu ndiyo iliyotuokoa. Ikuze hadi kichwani. Utaona vipapasio viwili vimeelekezwa mbele, vifupi, kama vijiti vya kiberiti vilivyochongwa. Ukivilaza nyuma havifiki hata katikati ya mwili. Huyu ni panzi. Mwambie shemeji, kwa heshima zote na kwa mapenzi ya senene tunayoshirikiana, kwamba leo kakosa.

Asinune lakini. Kwenye mikaratusi hiyohiyo ya kusini mashariki mwa Australia yupo wa upande wa senene kwelikweli, anaitwa Torbia viridissima. Ni wa kijani, mabawa yake yana umbo na mishipa kama jani bichi la mkaratusi, na vipapasio vyake ni virefu kama vile tulivyovifuta kwenye kaptula. Yeye amechagua kuwa jani lililo mtini. Wako amechagua kuwa jani lililoanguka.

Ni panzi gani basi? Hapa tunarudi kwenye kigongo. Kila panzi ana ngao nyuma ya kichwa, imekaa kama tandiko la punda, inaziba shingo na kushuka mabegani. Kwa panzi wengi ngao hiyo ni bapa, au ina mstari mdogo uliotuna katikati. Wako imeinuka ikawa upinde, nyembamba juu kama ukingo wa jani lililojikunja kwa jua. Unganisha hilo na uso ulioinamia nyuma, rangi ya kahawia, vidoa vya kuoza, na mahali alipokutwa: chini, kwenye majani makavu ya mkaratusi. Jibu langu ni jenasi ya Goniaea, familia ya Acrididae. Waaustralia wenyewe wanawaita panzi wa jani la mkaratusi, na wanapatikana Australia peke yake. Jenasi hiyo ilipewa jina na Carl Stål wa Uswidi mwaka 1873, ila spishi yake inayojulikana zaidi ilikuwa imeshaandikwa zamani zaidi, mwaka 1814, na Mwingereza William Leach. Ni Goniaea australasiae, nayo ipo hapo Canberra. Yupo na ndugu yake wa eneo hilohilo, Goniaea opomaloides, ndiyo maana sifungi faili kwa picha iliyopigwa kutoka juu. Nipigie ya ubavuni, simu ikiwa chini sambamba na mdudu, ngao ionekane ilivyopinda dhidi ya mwanga. Kwa ukoo huu mstari wa mgongo ukitazamwa kwa pembeni ni kama sahihi ya mtu.

Angalia pia mabawa. Ukikuta mawili mafupi kama vijikaratasi mgongoni, usikimbilie kusema ni aina yenye mabawa mafupi, huenda ni mtoto. Panzi hapitii hali ya buu wala bundo. Anatoka kwenye yai akiwa panzi mdogo, anajivua ngozi mara kadhaa, na mabawa yanaota kidogokidogo. Kwa watoto waliokaribia kukua, vibawa hivyo huwa vimegeuka juu chini, cha nyuma kimekilalia cha mbele. Kwa mkubwa, hata mwenye mabawa mafupi, la mbele ndilo huwa juu. Wako ana mabawa kamili hadi mwisho wa tumbo. Ni mtu mzima.

Sumu hana. Ukimbana anaweza kutema maji ya kahawia kutoka mdomoni, chakula chake kilichosagika, yanachafua vidole na yananuka vibaya. Meno anayo, ya kukatia majani, anaweza kufinya kidogo. Lililonishtua kwenye barua yako ni kwamba mtoto alimshika mguu. Panzi akishikwa mguu wa nyuma anaweza kuuachia, unakatika palepale unapoungana na mwili, na kwa mtu mzima hauoti tena. Mshike mwili mzima, taratibu, mabawa yakiwa yamefungwa. Au msimshike.

Swali ambalo hukuuliza, lakini nalijibu kwa sababu limenikosesha usingizi siku mbili: kwa nini ulimtazama bila kumwona?

Wengi tunasema mdudu kama huyu "amejificha". Mimi neno hilo silipendi hapa. Kujificha ni kufanya usionekane, kama swala mwenye rangi ya nyasi. Huyu alionekana kabisa. Jicho lako lilimkuta, likampa jina la jani, likaendelea na safari. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilofanya kwa vifaranga vya kuku na viwavi wanaofanana na vijiti. Vifaranga vingine vilionyeshwa kwanza matawi ya kawaida ya mti, vingine matawi yaleyale yakiwa yamezungushiwa uzi wa rangi, vingine havikuonyeshwa kitu. Kisha vikawekewa kiwavi peupe, bila majani ya kumziba. Vilivyokuwa vimezoea matawi ya kawaida vilikawia kumdonoa kuliko vingine. Macho ni yaleyale na mwanga ni uleule. Kilichotofautiana ni kwamba vifaranga hivyo vilishajua kijiti ni nini, na kwamba kijiti hakiliwi.

Ndiyo maana panzi wako anauhitaji ule msitu. Mkaratusi hauna majira ya kupukutisha yote kwa pamoja. Unadondosha mwaka mzima, na kiangazi zaidi, na majani yake ni magumu, yamejaa mafuta na tanini, hayaozi upesi. Ndege anayetafuta chakula pale anakuta maelfu ya majani yaliyopinda kama mundu, kahawia, yenye mshipa wa katikati uliotuna. Akigeuza mia moja ya kwanza bila kupata kitu, la mia na moja ataliacha. Mchukue panzi huyohuyo umweke kwenye nyasi za kijani mbele ya nyumba yako, hata kuku wa shambani atamwona.

Kuhusu miti yenye maandishi: hiyo ni kazi ya viwavi wa nondo wadogo sana wa jenasi ya Ogmograptis. Wanachimba njia chini ya gome, gome la juu likibanduka njia zinabaki wazi. Na mwambie mtoto kwamba hamko mbali na kilima cha Black Mountain. Chini yake ndipo ulipo Mkusanyo wa Taifa wa Wadudu wa Australia, una vielelezo zaidi ya milioni 12. Ningekuwa na nauli, ningekuja kumsalimia huyo mtoto kwa kisingizio hicho.

SWALI

Mzee, heshima yako. Barua ya yule mama umenisomea kidogo kwenye simu kabla haijachapishwa, na imenipa hoja. Mimi nabeba nguzo za umeme kutoka Mafinga, mwaka wa tisa huu naingia na kutoka kwenye mashamba ya mikaratusi. Panzi wa namna hiyo sijamwona hata siku moja, na majani makavu yapo tele. Mbona mti umekuja kwetu na mdudu kabaki? Halafu kuna miche ina vinundu kwenye vikonyo vya majani kama chunusi. Hao ni wadudu gani?

Dereva wa Nguzo, Mafinga

JIBU

Dereva, mti haukuja, ilikuja mbegu. Mbegu ya mkaratusi ni ndogo kama majani ya chai ya vumbi, mfuko mdogo unabeba shamba zima. Kenya walipoanza kuipanda kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1900, ili kupata kuni za kuendeshea garimoshi, zilizosafiri baharini ni mbegu. Panzi wa Goniaea mayai yake yako kwenye udongo wa Australia, na udongo haukupakiwa. Kwa hiyo hayo majani makavu unayokanyaga Mafinga ni kama nyumba iliyojengwa, ikapakwa rangi, mwenyewe hakuhamia.

Lakini wapo waliohamia bila kualikwa. Vinundu vyako vinafanana sana na kazi ya Leptocybe invasa, nyigu mdogo mno, urefu wake unazidi milimita moja kwa kidogo tu, anayetaga ndani ya kikonyo na mshipa wa jani changa. Naye asili yake ni Australia. Kenya na Uganda alionekana mwaka 2002, kwetu Tanzania mwaka 2005. Mche ukijaa vinundu unadumaa na kujikunja. Kata kimoja kwa wembe utazame ndani. Ukikuta funza mweupe asiye na miguu amejikunja kwenye chumba chake, mwambie mwenye kitalu leo, asisambaze hiyo miche.

Na kabla ya nyigu kulikuwa na fukusi mla majani, Gonipterus, aliyegunduliwa Afrika Kusini mwaka 1916 akanyofoa mikaratusi hadi wakulima wakashika vichwa. Dawa yake ilipatikana kulekule alikotoka. Mwaka 1926 waliletwa kutoka Australia vijinyigu vya Anaphes nitens, ambavyo hutaga ndani ya mayai ya huyo fukusi. Fukusi akapungua. Mimi huwa nawaambia wanaopenda kunyunyizia kila kitu sumu waanze kwa kuuliza nani anamla nani.

Kuhusu majani yanayoruka, usidhani Afrika hatuna. Kuna familia inaitwa Pamphagidae, na kusini mwa bara hili wapo wa jenasi ya Lobosceliana: panzi wazito, kahawia, wenye ngao iliyoinuka juu kama jani kavu lililosimamishwa. Ukimweka kando ya panzi wa Canberra unaweza kusema ni ndugu wa tumbo moja, kumbe ni familia mbili, bahari katikati, kila mmoja kaigiza majani ya kwao. Ndiyo sababu nilimtaka yule mama aniambie kwanza amemkuta wapi. Mdudu asiye na mahali huwa simjibu.

SWALI

Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Huyo panzi wa mkaratusi analiwa?

Mla Senene, Muleba

JIBU

Nilijua utaandika, na nilijua utaandika kutoka Muleba.

Tukijifukiza mafua tunachemsha majani ya mkaratusi, ule mvuke unapanda hadi kwenye ubongo, ukitoka ndani ya blanketi umelowa jasho na macho yanachuruzika. Huyu mdudu majani hayo ndiyo chakula chake. Sijui unategemea aonje vipi. Senene wako anakula nyasi na nafaka, ananenepa, ndiyo maana anakaangika kwa mafuta yake mwenyewe, unaongeza chumvi na kitunguu basi. Panzi mkavu wa kula majani makavu, mwenye ngao ngumu na miiba miguuni, ni kutafuna bahasha. Na kwetu hapa kuna panzi ambao hawafai kabisa kuonjwa. Yule mwenye rangi za manjano, nyeusi na kijani anayekaa makundi kwenye mihogo na kutembea bila haraka kama mwenye shamba, Zonocerus, ana sumu mwilini, na zile rangi ni tangazo. Panzi anayejifanya jani anaogopa kuliwa. Panzi anayejipaka rangi na kutembea taratibu haogopi, na ana sababu. Baki na senene.

BAADA YA JIBU

Kabla ukurasa huu haujaenda mtamboni, Mama Marangu ameleta picha niliyoomba. Anasema walirudi Jumamosi asubuhi. Mtoto alikataa kutafuta kwa macho. Alichuchumaa akawa anainua jani mojamoja kwa ncha ya kijiti, anahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, na mama alisimama pembeni akiona aibu kwa wapita njia. Alipofika kumi na saba, jani la kumi na nane likaruka kabla halijaguswa.

Picha ni ya ubavuni, simu imelazwa chini kama nilivyosema. Ngao imepinda vizuri dhidi ya mwanga, kipapasio kimoja kimeelekea mbele, kimoja kimelala, vyote vifupi. Naandika Goniaea australasiae kwenye daftari langu, kwa wino. Kinachonisumbua ni nyuma. Mguu wa kulia umekunjwa, goti juu. Wa kushoto haupo, umekatika safi palepale kwenye maungio.

Mama anasema ni panzi mwingine, msitu ni mkubwa. Mtoto anasema ni yuleyule, na kwamba siku ile ya kwanza alificha kitu mfukoni ambacho hakumwonyesha mama.